Korona Haipandake mu Lori

Mama aliamka saa kumi alfajiri kama kawaida, akafunga feza ya mtaji kwenye ncha ya liputa, kitenge chake, akajitwika beseni tupu. Nilimsindikiza, maana kazi yangu ya kufua nguo kule Himbi, mtaa wa hapa Goma, ilikuwa ya mchana. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 23 Machi 2020.

Redio ilishatangaza kwamba Rwanda imefunga mpaka, lakini nani aliamini? Wakati wa Ebola walifunga pia, tarehe 1 Agosti 2019, na siku ileile watu wakavuka tena. "Batafungula tu," mama alisema, akageuza beseni na kulikalia.

Kwa asiyejua Petite Barrière, kivuko cha waenda kwa miguu kati ya Goma na Rwanda: kila siku makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanapita pale kwa miguu, mkononi jetoni, ile karatasi ya kuvukia. Mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mama wa maziwa, walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa mizigo mpaka mwenye baiskeli haonekani. Asubuhi ile wote walikuwa upande huu, wamesimama. Askari hakugomba na mtu. Alisema tu leo hakuna kupita, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema.

Saa tano tukasikia kwamba Grande Barrière, kivuko kile kingine, magari yanapita. Tukateremka hadi kule karibu na ziwa, na kweli, malori yalikuwa yanaingia moja baada ya jingine, nyanya zimepangwa ndani ya makreti. Sheria iliruhusu mizigo, ikakataza watu. Beseni la mama halikuhesabiwa mzigo kwa sababu chini yake kulikuwa na mtu.

"Kumbe korona haipandake mu lori!" mama mmoja akasema. Tulicheka sana, kicheko cha njaa.

Himbi nilikuta geti limefungwa. Madamu, mzungu, alikuja na barakoa, akasimama mbali, akanieleza kwamba nisiingie tena mpaka anipigie. Sitamsema vibaya, mshahara wa mwezi mzima alinipa, na wengine kwenye barabara ile walifukuzwa bila kitu. Aliniambia ubalozi wao unawatafutia ndege. Nikakumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza wa Kongo, aliyetangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi, naye alifika kwa ndege kutoka Ulaya. Mama yangu hata mlango wa ndege hajawahi kuuona kwa karibu. Mtaani walikuwa wanasema huu ni ugonjwa wa wazungu. Upuuzi, lakini nilielewa ulipotoka.

Kisha madamu akapitisha chini ya geti noti ya dola 20 na orodha ya vitu vya kuweka akiba. Cha kwanza: nyanya.

Mtaani Birere nilizikuta nyanya zilezile za lori. Aliyeuza hakuwa mama wa beseni, alikuwa kijana wa mwenye lori, na bei ilikuwa mara mbili ya Ijumaa. Kwa mtaji uliofungwa kwenye liputa ya mama, nusu ya beseni isingejaa. Nililipa bila kubishana. Feza haikuwa yangu.

Jioni nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Jetoni ya Ijumaa ilikuwa bado imechomekwa kwenye fremu ya kioo.

"Nyanya za huko zilikuwa nzuri?" akaniuliza, bila kuinua kichwa.

Nikamwambia ndiyo, zilikuwa nzuri.