Hurling si mchezo wa kitoto

Jamani, kama uko Dublin kiangazi na hujaingia uwanja wa Croke Park kuangalia hurling, bado hujaiona Ireland. Kila timu ina watu 15, kila mmoja na gongo lake la mbao, bapa mwishoni, na wanagombea kijimpira cha ngozi kinachokwenda kasi hadi macho yanachoka kukifuata. Kikiingia wavuni ni pointi 3, kikipita juu ya mwamba ni 1. Dakika 70, na sijaona mtu akijiangusha kutafuta faulo.

Kilichoniacha hoi: hawa hawalipwi mshahara! Anayeshangiliwa leo na uwanja mzima, kesho Jumatatu yuko darasani anafundisha au anakamua ng'ombe. Kila mtu anachezea kaunti yake. (Ligi zetu zisisikie hili, wachezaji watagoma.)

Mashabiki wamekaa mchanganyiko tu, hakuna uzio. Mzee mmoja wa kaunti ya Limerick kanifundisha sheria zote huku akimporomoshea refa matusi, halafu kanimegea sandwichi yake ya nyama ya nguruwe.

Majabali ya Moher, yale ya baharini wanayoyakimbilia watalii, yatanisubiri. Nauli ya basi ya kwenda huko nimeshanunulia jezi ya kijani ya Limerick.