Nilivyopima potasiamu ya kichaka cha maweni

Kichaka chetu kipo upande wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, juu ya maweni matupu, yale mawe ya matumbawe ya kale. Masika inanyesha, lakini maji yanapotelea kwenye mianya ya mawe, kiangazi kikiingia miti inaishi kama ya nchi kame. Mikwaju ikaanza kuungua kingo za majani, tena yale makongwe kwanza. Nilishuku upungufu wa potasiamu, chakula cha mti kilichomo udongoni, maana ndiyo inayousaidia mti kufunga vitundu vya majani maji yasiutoke.

Mtaalamu mmoja akaja na viatu vyake vizuri, akachota udongo pahala pamoja, akarudi na jibu: potasiamu tele, msitu mzima wa afya. Nilichoka! Alichota juu ya tanuu la makaa la zamani. Majivu yale yangetosha kulisha wilaya.

Nikamfuata ami yangu, aliyechoma makaa ujanani. Anatembea, anasimama, anachokoa kwa ncha ya panga; chini zinatoka chenga nyeusi za makaa. "Hapa usiguse, mwanangu." Hatua chache tena, anachokoa, anatikisa kichwa. Kwa macho hungejua, majani yameshafunika. Tukachota kwengine kote, vitabu vinataka kina cha sentimita 20, sisi kumi tu mtaimbo unalia juu ya jiwe.

Ujanja wangu ulikuwa mifuko miwili, na hapa najisifu: mmoja udongo wa chini ya miti, mwengine wa palipokatwa kuni. Nambari moja peke yake haikwambii kitu. Maabara walinitoza kama elfu hamsini na ushei. Chini ya mikwaju potasiamu ilikuwa juu kwa mbali. Mizizi huitoa mianyani, majani yakaidondosha, mvua ikaisuuza kwenye matawi na kuirudisha chini. Kuni zikienda tanuu la chokaa, nayo inakwenda. Jiwe lenyewe ni la chokaa, yaani kalisi, halina potasiamu ya kutosha, tena kalisi inagombana na potasiamu kuingia mizizini.

"Basi mwaga majivu," wananiambia. Kwenye udongo wa bustani ya kichanga chenye asidi, sawa. Kwenye maweni, majivu yanazidisha uchokaa, na madini ya chuma yanafungika udongoni, mizizi isiyapate. Jirani alimwagia mindimu, majani machanga yakawa manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Mimi nimepiga marufuku shoka na kuacha majani yaoze pale pale.

Mifuko andika kwa penseli, wino unafutika.