Siku Moja ya Mkufunzi wa Ribriza: Dakika 60 Majini, Saa 10 Mezani

Saa 12:00 asubuhi. Leo wanafunzi wawili wanashuka mita 40 na kupanda kwa vituo vya dekompresheni (kusimama njiani ili gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu), mara yao ya kwanza wakiwa kwenye ribriza ya mzunguko funge, mashine inayosafisha pumzi yako na kukurudishia uivute tena. Kazi inaanza na chokaa ya soda, ile inayonyonya hewa ukaa kutoka katika pumzi yako.

Mkebe wetu unachukua kama kilo 2.5. Mimina nje, penye upepo, maana vumbi lake linawasha koo na macho. Usimimine yote kwa mkupuo: tia robo, gonga ubavu wa mkebe kwa kiganja mpaka punje zitulie, tia robo nyingine, gonga tena. Ukishafunga, utikise karibu na sikio. Ukisikia punje zinacheza, fungua ujaze upya, kwa sababu pumzi hufuata njia nyepesi: itapita kwenye upenyo na kukurudia na hewa ukaa yake ileile. Kosa baya zaidi ni kusahau pete ya mpira inayoziba kati ya mkebe na nyumba yake. Mashine nyingi hazina sensa ya kukwambia kwamba pete haipo. Kwa hiyo kila mmoja anaigusa pete kwa kidole kabla ya kufunga, na mwenzake anaangalia.

Saa 1:15. Gesi. Kila mtungi unapimwa na mtu atakayeuvuta, naye ndiye anayeandika lebo. Mtungi wa oksijeni ni lita 2 kwa bar 200, yaani lita 400. Mwili unaofanya kazi ya wastani unatumia kama lita 1 kwa dakika, iwe mita 5 au mita 40, basi oksijeni si tatizo la leo.

Gesi ya kuchanganyia na oksijeni kwenye mzunguko ni traimiksi 21/35: oksijeni asilimia 21, heliamu 35, inayobaki naitrojeni. Wapo wanaofundisha kina hiki kwa hewa ya kawaida. Mimi sikubali. Kwenye bar 5, shinikizo la mita 40, hewa inazidi gramu 6 kwa lita, wakati kiwango kinachopendekezwa ni 5.2 na mwisho wake ni 6.2. Gesi nzito huchosha mapafu, na mapafu yaliyochoka hayatoi hewa ukaa yote. Heliamu ya asilimia 35 inashusha uzito huo hadi kama gramu 4.6.

Hesabu ya dharura, yaani gesi ya kupandia mashine ikigoma, wanaifanya kwa kalamu. Mtu aliyelemewa na hewa ukaa anahema lita 40 kwa dakika, wala si 20. Dakika 2 chini ni 40 × 5 × 2, lita 400. Kupanda hadi mita 21 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika ni dakika 2 nyingine kwa wastani wa bar 4, lita 320. Jumla 720. Mtungi wa lita 11 uliojaa una 2,200, unatosha na kubaki. Kutoka mita 21 kwenda juu kuna mtungi wa pili, lita 7 za naitroksi 50, yaani hewa yenye oksijeni asilimia 50.

Saa 2:30. Seli za oksijeni, yaani vipimo vinavyosoma oksijeni kwenye mzunguko, na hapa sina haraka. Kila seli inasomwa kwa milivolti, kwanza kwenye hewa, halafu kwenye oksijeni safi. Seli nzima hutoa kati ya 8 na 13 kwenye hewa. Ikitoa 10.2, gawa kwa 0.21: kwenye oksijeni safi itoe kama 48.6. Ikitoa 44, imechoka. Tatizo ni kwamba kompyuta inaweza kuipokea hiyo 44 na kuiita 1.0, yaani bar 1 ya oksijeni, bila kulalamika. Huko chini seli iliyochoka hugoma kupanda, solenoidi (valvu ya umeme inayoongeza oksijeni) inadhani oksijeni ni pungufu na inaendelea kumwaga, na mzamiaji anaelekea kwenye degedege la oksijeni iliyozidi huku skrini ikionyesha 1.2. Tena mashine ina seli tatu na hupiga kura: seli mbili mbovu za umri mmoja zinaishinda moja nzima. Ndiyo maana hatununui zote tatu siku moja, na kila moja inaondoka ikitimiza miezi 12 kazini.

Saa 3:30. Kuunganisha na kupima uvujaji. Nyonya hewa yote, funga kidomo (kipande cha mdomoni), subiri: mabomba yabaki yamesinyaa. Kisha jaza mpaka mifuko ya kupumulia ikakamae, subiri tena. Mwisho ni kupumua kwenye mashine dakika 5, pua imezibwa, macho kwenye skrini. Zoezi hili linathibitisha kwamba solenoidi inashika kiwango. Halithibitishi chokaa, kwani kasoro ndogo ya mkebe hupita bila mtu kuihisi. Mwanafunzi anayeliona kama cheti cha usalama, tunarudi naye mezani.

Saa 5:00. Majini. Mita 6 wanakaguana mapovu. Wanashuka na kiwango cha 0.7, kwa sababu kushuka kwenyewe kunapandisha oksijeni, wanahamia 1.2 wakipita mita 20.

Wanaotoka kwenye regyuleta ya kawaida, inayomwaga pumzi majini, wanasumbuka na jambo moja: kuvuta pumzi hakukuinui tena, maana hewa inahama tu kutoka mfukoni kwenda mapafuni. Wanaongeza gesi kwenye fulana ya kuelea, wanapaa, wanatoa, wanazama. Dawa ni kuweka gesi kidogo kabisa kwenye mzunguko na kutulia.

Mita 40, wanasafisha mzunguko kwa traimiksi. 0.21 × 5 ni 1.05, na kila seli iende hapo. Inayobaki 1.2 inadanganya.

Kisha zoezi la kutoka kwenye mzunguko na kuhamia mtungi wa dharura: funga kidomo kwanza, ndipo ukitoe. Ukikitoa wazi, maji yanaingia, yakifika kwenye chokaa yanakuwa povu linalounguza mdomo, na mashine huna tena. Ajuaye alivyo mtu aliyejaa hewa ukaa anajua kwamba hata sekunde ile ya kubadilisha ni ngumu, hawezi kuzuia pumzi. Kwa sababu hiyo napendelea kidomo chenye valvu ya dharura ndani yake.

Saa 5:30. Kupanda. Gesi inatanuka, wanaitoa kwa pua. Mita 21 wanaigiza kubadilisha mtungi: soma lebo, soma kina, fuata bomba kwa mkono kutoka mtungini hadi mdomoni, mwenzako akubali kwa ishara. Naitroksi 50 ikivutwa kwa makosa mita 40 ni bar 2.5 za oksijeni.

Vituo ni vifupi mita 12 na 9, kirefu kipo mita 6. Hapo wanajaza mzunguko oksijeni safi kwa muda mfupi. Kikomo ni 1.6, na seli nzima hukaribia hapo. Tunafanya hivi mwishoni kwa faida ya mbizi inayofuata. Kutoka mita 6 hadi juu hawaachi kutazama skrini: shinikizo linashuka kutoka 1.6 hadi 1.0, na mtungi wa oksijeni uliofungwa kwa bahati mbaya unamzimisha mtu palepale penye ngazi.

Saa 8:00 mchana. Kuosha kwa maji baridi, dawa ya kuua vijidudu, mabomba yanatundikwa. Chokaa ya leo inamwagwa yote. Kuchanganya punje zilizotumika na mpya hakuruhusiwi hapa.

Saa 10:00 jioni. Daftari. Mashine ya pili: seli ya 1, asubuhi milivolti 49.0, mita 6 imefika 1.57. Seli ya 3, 47.9, imefika 1.56. Seli ya 2, asubuhi 48.6, ile iliyopita mtihani wa mezani vizuri kabisa, imekwama 1.41. Imetolewa, imekatwa waya ili isirudishwe na mtu, na mpya inapumzika mezani hadi kesho saa 2:30.