Beni Yetu na Mwendo wa Keki

Msafara wa harusi unapopita mtaani kwetu Ng'ambo ukiongozwa na tarumbeta na ngoma za beni, huacha nilifanyalo nikatoka barazani kutazama. Beni ilizaliwa pwani yetu enzi za ukoloni kwa kuziiga bendi za kijeshi za Wazungu, lakini leo sijamsikia bibi hata mmoja hapa Unguja akisema kwamba ni ngoma ya kigeni.

Beni ndiyo iliyonifunza kuwaelewa Bert Williams na George Walker, waigizaji weusi ambao tarehe 18 Februari 1903 waliufungua mchezo wa In Dahomey katika ukumbi mkubwa wa Broadway, New York, mchezo wa nyimbo uliotungwa na kuchezwa na watu weusi. Williams alizaliwa Nassau, Bahamas, kwa hiyo hata yeye, mwana wa visiwani kama sisi, aliingia katika taifa lile la Marekani akitokea nje. Hadithi yenyewe ina watu wanaopanga kuhamia Dahomey, nchi ya Afrika Magharibi ambayo leo ni Benin, na nyuma ya vichekesho nalisikia swali zito la wajukuu wa watumwa: kwetu ni wapi, kule walikotolewa wazee wetu au hapa tulipozaliwa?

Kwa maoni yangu, jibu lilitolewa na miguu. Mchezoni mlikuwa na ngoma iliyoitwa kekiwoki, yaani mwendo wa keki, ambayo waliowahi kuwa watumwa walisimulia kwamba ilianzia mashambani, watumwa wakiuiga mwendo wa maringo wa mabwana zao, na mabwana wakitazama kwa furaha bila kutambua kuwa wanaochekwa ni wao. Aida Overton Walker, mke wa George, aliicheza kwa ustadi ambao hata matajiri wa kizungu walitaka kufundishwa naye. Mwezi Juni 1903 kundi lao lilicheza katika kasri la Buckingham, London, mbele ya familia ya kifalme ya Uingereza, na machoni pa Ulaya dhihaka ile ya watumwa ikawa ndiyo ngoma ya Kimarekani.

Linaloniuma ni masizi. Williams, mtu mweusi, alipanda jukwaani amejipaka usoni masizi ya kizibo kilichounguzwa, kwa kuwa watazamaji walikwisha kuzoea sura ya mtu mweusi iliyobuniwa na waigizaji wa kizungu waliojipaka vivyo hivyo. Taifa liliipokea ngoma, uso likautaka ufunikwe. Wachezaji wetu wa beni nao walivaa mavazi ya kumwiga mtawala, lakini chini ya kofia ile uso ulibaki wazi, na mtaa mzima ulijua huyu ni mtoto wa nani.