Andika 28

Wifi amejifungua salama siku ya Jumatatu, mtoto wa kike, na deni la kodi ya fremu nalo limekwisha. Wote mlioniulizia habari hizo nawashukuru. Lakini tangu Jumanne jioni kuna sentensi moja ya binti mmoja ambayo hunirudia kila ninapokaa kwenye cherehani, na nimeona niiandike huenda ikapungua makali.

Alikuja na mama yake kupimwa gauni la sendofu ya dada yake. Umri wake ni miaka 19 hivi. Nilimpima kama ninavyowapima wote, mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, na nilipofika kiunoni nikasoma inchi 34. Kabla sijaandika, akaushika mkono wangu wenye kalamu.

"Anti, naomba uandike 28."

"Hii ni 34, mwanangu."

"Najua, anti. Shona tu ya 28, nitapungua kabla ya siku yenyewe."

Nikamweleza kwamba nguo hushonewa mwili uliopo, na kwamba siku ya sherehe atataka kula, kucheza na kukaa bila kubanwa pumzi. Akanijibu kwa adabu, bila jeuri hata kidogo: "Watu hawataniangalia mimi, anti. Wataangalia picha."

Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, hakusema neno. Alivuta kanga yake tu, ikafunika tumbo.

Angekuwa analia au amekasirika ningejua la kumwambia. Kilichonichoma ni utulivu wake, maana alilisema jambo lile kama mtu anayetaja nauli ya daladala. Watu hawataniangalia mimi. Nimeirudia kwa sauti yake na kwa sauti yangu, nimejaribu kuisikia kama utani, na imekataa kuwa utani.

Mimi nimekulia katika nyumba ambayo mgeni akikwambia umenenepa, mama alishukuru kwa niaba yako, na aliyepungua aliulizwa kama anaumwa au ana jambo linalomsumbua. Sisemi kwamba huko kulikuwa na haki, kwa sababu msichana mwembamba aliitwa kimbaumbau mbele za watu na hakuna aliyejali kama ameumia. Hata hivyo, waliotupima kwa macho walikuwa watu tuliowafahamu kwa majina, na sisi tuliwaona matumbo yao, makovu yao na miguu yao iliyovimba jioni.

Usiku ule nilisoma upya habari za Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ambazo mpwa wangu, yule anayesomea uuguzi, alinitumia zamani. Huko nako mwili mnene ulikuwa ni dalili ya mtu anayetunzwa na ndugu zake. Televisheni ilipofika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa shule, kisha mwaka 1998 wakalihoji kundi jingine la wasichana wa eneo hilohilo. Katika kundi la kwanza hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ilikuwa miaka mitatu tu, na ilikuwa televisheni, ambayo ikizimwa watu hulala. Huyu wangu hulala na simu chini ya mto, na ndani ya simu hiyo yamo mamia ya viuno visivyo na mwenyewe wa kumuuliza alikula nini leo.

Jana akanitumia picha ya mshono anaoutaka, nikaikuza ili niuone mkato wa kiunoni. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka.

Nyuma ya mrembo kuna ukuta wa vigae. Vigae vyote vimenyooka, isipokuwa vile vinavyopakana na kiuno chake, ambavyo vimejipinda kuelekea ndani. Kitenge chenyewe kina maua ya duara: kifuani ni duara kamili, mapajani ni duara kamili, lakini kiunoni yamefinyika yakawa membamba na marefu. Nimeshika kitambaa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na ninawahakikishia kwamba hakuna mkato wala mshono unaoweza kulifinya ua lililochapwa kwenye nguo bila kulikata au kulikunja. Kiuno kile hakipo. Hata huyo dada aliyepigwa picha hana kiuno kile, na huenda naye huitazama picha yake usiku akajiona amepungukiwa.

Nilikasirika, na hasira ile ilinifaa kuliko huzuni ya Jumanne. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka tangazo la biashara lenye mwanamitindo aliyepunguzwa au kunenepeshwa umbo kwa kompyuta liandikwe wazi kwamba picha imerekebishwa. Kwenye picha aliyonitumia hapakuwa na neno lolote, ila bei ya mshono na namba ya simu.

Gauni nimelikata kwa 34, na ubavuni nimeacha kitambaa cha kutosha kupunguza au kuongeza. Akija kujaribu Jumamosi, nitamwonyesha vigae kwanza, kabla hajasogelea kioo. Nitamwonyesha na maua, moja moja, ayapime mwenyewe kwa futi kamba. Na nitamwomba mama yake ainuke kwenye benchi, naye aje aone.

Jambo jingine linalonikosesha usingizi ni maji. Mvua za juzi zimefika kwenye kizingiti cha fremu, mfereji wa nyuma umezibwa na kifusi cha ujenzi wa jirani, na mwenye fremu hapokei simu. Majora ya vitambaa nimeyapandisha juu ya meza, lakini mota ya cherehani ya pili bado iko chini na siwezi kuibeba peke yangu. Kama kuna mwenzetu wa hapa Morogoro anayemfahamu mzibuaji mitaro mwaminifu, aniandikie kabla mvua haijarudi.