Kumbukumbu ya mradi: fidla ya taarab na kipozamataza wa Uingereza

Januari

Noti zimefika. The Lark Ascending, yaani ndege kipozamataza anayepaa, ya mtunzi Mwingereza Ralph Vaughan Williams, toleo la fidla na piano. Nataka mwaka huu nikimudu kipande chote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi ni mpiga fidla wa taarab hapa Unguja. Kazi yangu ni kuitikia waimbaji na kupiga bashraf, vile vipande vya ala tupu, na noti za Kizungu nazisoma polepole. Wenzangu wameuliza kwa nini hiki na si kingine. Nataka vidole vyangu vinieleze kwa nini Waingereza hawakichoki.

Maana hawakichoki kweli. Redio ya huko ya Classic FM hupigisha kura ya muziki unaopendwa zaidi kila mwaka na matokeo hutangazwa Pasaka. Kipande hiki kilishika namba moja mfululizo tangu 2007 hadi 2010, kikarudi kileleni 2014 na kukaa hapo hadi 2017. Mwaka 2018 kilichokiangusha ni 1812 ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky, ile yenye mizinga, na nadhani ilihitajika mizinga kweli. BBC nayo mwaka 2011 iliwauliza wasikilizaji wake wangebeba muziki gani kwenda kukaa peke yao kisiwani. Wakachagua hikihiki.

Februari

Mwezi mzima niko ukurasa wa kwanza, na wala sina haraka.

Okestra inaanza kwa sauti ya chini sana, inapanda kidogo, halafu inatulia na kushikilia. Juu ya utulivu huo fidla inaingia peke yake. Karatasini mistari ya kugawa vipimo haipo. Mtunzi ameagiza pasihesabiwe. Upinde unatakiwa upite juu ya ubao wa vidole, mbali na daraja, ili sauti itoke na pumzi ndani yake. Kijisauti kinajaribu kupanda, kinarudi, kinajaribu tena kwa noti nyingi zaidi, kila safari kikienda juu kuliko mwanzo.

Mzee wetu wa kodiani alikuwa amekaa pembeni siku moja ananisikiliza. Nilipomaliza akaniuliza, "Hiyo takasim ya nani, mwanangu?" Takasim ni ule upigaji wa ala moja bila mdundo katika muziki wa Kiarabu na taarab.

"Ya Mwingereza, mzee."

"Basi huyo alikaa na Waarabu."

Hakukaa nao, lakini sikio la mzee halikukosea sana. Ni mambo yaleyale: ala moja, wengine wamenyamaza au wameshikilia sauti moja chini, na mpigaji anapewa muda wote autakao. Tofauti ni kwamba takasim naitunga palepale kufuatana na makamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu, ilhali kwenye kipande hiki kila noti imeshaandikwa na mimi natakiwa kuipiga kana kwamba nimeitunga sasa hivi. Hilo ndilo gumu. Ngazi yenyewe ni ya noti tano tu, haina nusu-sauti ndani yake, na ngazi za namna hiyo zimejaa Ethiopia, China, Scotland. Sikio la mtu wa popote haligongi mwamba. Ukichanganya ngazi hiyo na kukosekana kwa mdundo, msikilizaji hana kitu cha kumchosha wala cha kumharakisha. Hiyo kwangu ndiyo nusu ya siri.

Machi

Nimesoma historia yake ili nipumzishe kidole cha nne.

Chanzo ni shairi la Mwingereza George Meredith la 1881 lenye mistari 122. Mtunzi alichukua mistari 12 akaiweka mbele ya noti. Alikiandika 1914, kisha vita vikaingia, akajiunga na kikosi cha matibabu cha jeshi na kubeba majeruhi huko Ufaransa na Salonika, naye ana miaka zaidi ya 40. Baada ya vita alikirekebisha akishirikiana na mpiga fidla Marie Hall, ambaye ndiye aliyetunukiwa kipande chenyewe. Hall alikipiga mara ya kwanza na piano kwenye ukumbi wa Shirehampton, karibu na Bristol, tarehe 15 Desemba 1920. Cha okestra kikafuata Queen's Hall, London, Juni 1921, akiongoza Adrian Boult.

Mhakiki wa The Times aliyekuwepo alisema kipande hakijali mitindo ya leo wala ya jana. Hapo naona nusu ya pili ya siri. Kitu ambacho hakikuwa cha kisasa 1921 kitapitwaje na wakati? Boult huyohuyo alikirekodi tena 1967 na mpiga fidla Hugh Bean, na rekodi hiyo ndiyo ninayolala nayo masikioni.

Aprili

Harusi. Hakuna kilichofanyika.

Juni

Sehemu ya katikati. Hapa mdundo unaingia, pembetatu inalia, na fidla inacheza kama wimbo wa kijijini. Vaughan Williams alizunguka miaka mingi akikusanya nyimbo za wakulima na mabaharia wa Uingereza, ila wimbo huu ni wake mwenyewe. Wapo waliowacheka watunzi wa aina yake. Mtunzi mwenzao Elisabeth Lutyens aliuita muziki wao muziki wa kinyesi cha ng'ombe. Nimecheka, nikaendelea na mazoezi. Kuna mahali unapiga nyuzi mbili kwa pamoja huku ukishuka, na kidole kikisogea kwa unywele mmoja tu kila mtu atajua.

Kuhusu ndege: kipozamataza wa huko hutaga chini mashambani, kisha dume hupaa wima akiimba bila kukatisha mpaka anakuwa kidoa angani. Tangu miaka ya 1970 idadi yao Uingereza imeshuka kwa zaidi ya nusu, sababu kubwa ikiwa mabadiliko ya kilimo, hasa nafaka kupandwa vuli badala ya majira ya kuchipua. Kwa hiyo nashuku wengi wanaopiga kura ile ya redio humjua ndege huyu kwa fidla zaidi kuliko kwa masikio yao.

Agosti

Kurasa mbili za mwisho bado zinanishinda juu kabisa ya uzi wa E, ambako nafasi kati ya noti na noti ni ndogo kuliko upana wa kidole. Mpiga piano sijampata. Mzee wa kodiani amejitolea kushikilia zile sauti za mwanzo, na mpiga kanuni wetu, ile ala ya nyuzi nyingi, anataka kujaribu sehemu ya pembetatu. Tunakutana Alhamisi baada ya Isha.