Siku moja nikikagua kampuni ya akili mnemba kabla mwekezaji hajatoa fedha

Kazi yangu ni kukagua kampuni changa za akili mnemba kwa niaba ya wawekezaji. Mwanasheria anapitia mikataba, mhasibu anapitia vitabu, na mimi naangalia kama mashine inafanya kweli kile kilichoandikwa kwenye slaidi. Hii ni Jumanne moja hapa Dar es Salaam. Kampuni yenyewe siitaji kwa sababu nimesaini mkataba wa kutunza siri.

Saa 12:00 asubuhi

Chai ya rangi na nyaraka walizotuma jana. Wametengeneza mfumo wa kupokea simu za wateja wa taasisi za mikopo midogo. Mteja anapiga, anaongea Kiswahili chake, mashine inageuza maneno kuwa maandishi, kisha inaamua: anauliza salio, anaomba kuongezewa muda, au anasema ameshalipa. Slaidi mojawapo inadai usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Naizungushia duara. Nataka kujua namba hiyo imetoka wapi, na imepimwa kwa sauti za nani.

Saa 3:00 asubuhi

Kijitonyama. Mhandisi mkuu ananipokea vizuri: "Karibu dada, tulikuwa tunakusubiri." Ameandaa maonyesho, lakini namwomba tuyaache kwanza, anifungulie folda ya rekodi walizotumia kupimia.

Jibu linapatikana ndani ya nusu saa. Walichukua rekodi zote, wakazichanganya, kisha wakazigawa kwa bahati nasibu: fungu kubwa la kuifundisha modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na rekodi, dogo la kuipima. Kwa hiyo mama yuleyule aliyepiga simu mara kadhaa yumo kwenye mafungu yote mawili. Modeli imeshaizoea sauti yake, na kipimo hakisemi lolote kuhusu mteja mgeni atakayepiga kesho. Kwenye Common Voice, mkusanyiko wa wazi wa rekodi za sauti wa Mozilla, ambao una Kiswahili pia, kila rekodi hubeba alama ya msemaji bila jina lake, ili mtu aweze kugawa kwa wasemaji, yaani sauti zote za mtu mmoja zikae fungu moja tu. Hawa wana namba za simu za wateja, wangeweza kufanya hivyohivyo. Kijana anaelewa palepale na kuanza kuandika msimbo wa kugawa upya. Napenda sana watu wa namna hii.

Saa 5:00 asubuhi

Leseni. Modeli yao ya sauti imejengwa juu ya MMS, modeli ya kutambua sauti iliyotolewa na Meta, wenye Facebook, mwaka 2023. Ni kazi kubwa, inasikia lugha zaidi ya 1,000, ila leseni yake ni CC BY-NC 4.0, yaani hairuhusu matumizi ya kibiashara. Na hawa wanauza huduma! Mwekezaji akiingia bila kujua, ananunua mgogoro. Dawa ipo: Whisper, modeli ya sauti ya OpenAI ya mwaka 2022, ina leseni ya MIT inayoruhusu biashara. Lakini kuhama ni kufundisha upya na kupima upya, na hiyo ni gharama ambayo haimo kwenye mpango wao.

Naulizia pia rekodi zenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taasisi ya mikopo imesajiliwa, kampuni bado. Tena mkataba kati yao hausemi rekodi zitakuwa za nani wakiachana.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage na dagaa kwa mama ntilie, pamoja na timu. Binti mmoja anayesikiliza simu na kuziandika anasema simu zenye kelele huwa wanaziruka. Tukirudi naomba mwongozo wa waandikaji, na kweli imeandikwa humo: rekodi yenye kelele isitumike. Sasa mteja wa mkopo mdogo anapigia simu wapi? Sokoni, kituo cha daladala, kwenye mashine ya kusaga.

Saa 8:00 mchana

Nacheza rekodi zangu, za watu walioniruhusu: wauza mitumba Kariakoo, bodaboda, wazee wa Tanga, wakulima wa Mwanza. Zote zimepitia simu ya kawaida, kwa sababu laini ya simu hupunguza ubora wa sauti hadi sampuli 8,000 kwa sekunde.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mama anasema, "Nitalipa Ijumaa." Mashine inaandika "Nimelipa Ijumaa" na kumwekea alama ya aliyelipa. Kipimo cha kawaida huhesabu maneno yaliyokosewa kwa kulinganisha na yaliyosemwa, kwa hiyo hilo ni kosa la neno moja tu, sawa na kuandika "asanti" badala ya "asante". Kwa Kiswahili, silabi moja ndani ya kitenzi inabeba wakati, au inakanusha kabisa. Mkulima wa Mwanza anayetamka "nimeripa" ndiye kinyume chake: maandishi yamepotoka, maana iko palepale, naye anaeleweka vizuri. Nachora jedwali la safu mbili, makosa ya maneno na makosa ya maana, na timu nzima imesimama nyuma ya kiti changu.

Saa 10:00 jioni

Hesabu. Wanakodi GPU, yaani vichakataji vya kuendeshea modeli, kwa dola na kulipwa kwa shilingi. Kwa simu fupi wanapata faida, kwa ndefu wanapoteza.

Saa 1:00 usiku

Simu na mwekezaji aliyeko Nairobi. "Niambie tu, tuingie au tusiingie?" Namwambia timu ni nzuri na tatizo wanalolitatua ni la kweli, ila namba ya kwenye slaidi asiitumie popote.

Saa 3:00 usiku

Naandika masharti: modeli ibadilishwe, usajili wa Tume ukamilike, mkataba wa rekodi urekebishwe, kipimo kipya kigawanywe kwa wasemaji na kiwe na simu za kelele. Fungu la kwanza la fedha litoke sasa, la pili lisubiri matokeo ya safu ya maana. Na waajiri waandikaji wa Mwanza na Tanga kabla ya kukodi GPU nyingine.